Maganda yetu yanaweza kuonyesha sumu ndani ya maji

Ndugu wanakoperative, maganda ya machungwa, ya ndizi na machicha ya kahawa tunayatupa kila siku. Kumbe wataalamu wanayageuza kuwa nukta za kaboni: punje ndogo sana, ukipanga laki moja kwa mstari, hazipiti milimita moja.

Mwaka 2012 watafiti wa India walifunga maji ya machungwa ndani ya chombo cha chuma, wakayapasha kwa digrii 120, saa mbili na nusu. Walipoyasafisha, yaling'aa chini ya taa kama ile ya kukagulia dola.

Juu ya nini inatuhusu? Kuna nukta ambazo mwanga wake hufifia zikikutana na zebaki, dawa ile ya wachimba zahabu. Ndani ya maji zebaki haionekani, tena kuyachemsha hakuiondoi. Lakini chuma pia kinaweza kufifiza mwanga, kwa hiyo lazima laboratware ihakikishe.

Musijaribu jikoni: chombo kilichofungwa kikipata moto kinaweza kupasuka. Kwa leo maganda tuyatie kwenye kompositi, na maji yanayotoka machimboni tusiyanywe wala kumwagilia mboga.