Bibi akisema umemwibia, usibishane naye

Wadau, kwa bibi yetu ilianza na kanga. Kila jioni anasema nimemwibia. Nami namjia juu, namwonyesha ipo sandukuni, anazidi kulia. Majirani wakaanza kunong'ona mambo ya uchawi.

Kumbe ni ugonjwa wa ubongo, demensia. Aina inayoongoza ni Alzheimer, jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Kumbukumbu za karibuni ndizo hupotea kwanza. Anaficha kitu, anasahau kama kakificha, akili inajaza pengo: kaibiwa! Hakusingizii makusudi.

Sasa ufanyeje? Usibishane. Sema, "Pole bibi, tuitafute wote." Giza likiingia wengi huchanganyikiwa zaidi, kwa hiyo washa taa mapema, punguza sauti ya redio. Akitaka kwenda kwao na hapo ndo kwake, muulize habari za huko, tembea naye kidogo. Ila akibadilika ghafla ndani ya siku moja mbili, wahi hospitali: inaweza kuwa malaria, UTI au kukosa maji mwilini.

Na wakimwita mchawi, usikae kimya. Hapa Tanzania wazee wameuawa kwa maneno hayo hayo.