Mpira hununuliwa kwa blada, si kwa rangi

MOSHI. Kila yanapokaribia mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mwenye duka la vifaa vya michezo mjini hapa hutarajia walimu kutoka Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Mwalimu huuliza bei, huubonyeza mpira, hulipa. Mpira ukilegea baada ya wiki mbili, atarudi, lakini safari hiyo si kununua.

Kasoro huwa ndani, kwenye blada. Zipo aina mbili kuu. Blada ya butili hushika upepo kwa muda mrefu. Ya lateksi ni laini na hudunda vizuri, ila hupungua upepo upesi na hutaka pampu mara kwa mara. Shule isiyo na pampu ikiuziwa lateksi, imeuziwa tatizo.

Watengenezaji nao hutofautiana. Select ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1947, inajulikana kwa blada iliyosawazishwa uzito ili mpira usiyumbe hewani. Adidas hutumia butili katika mipira yake mingi. Al Rihla, mpira wa Kombe la Dunia 2022, uliwekewa kifaa katikati kilichopima mwendo mara 500 kwa sekunde. Mpira huo ulitengenezwa na kiwanda cha Forward Sports cha Sialkot, Pakistan. Mji huohuo hutoa pia mipira mingi ya bei nafuu. Kwa hiyo maneno "imetengenezwa Pakistan" peke yake hayamwambii mnunuzi kitu.

Kipimo cha kuaminika ni takwimu. Sheria za soka zinataka mpira namba 5 uwe na mzingo wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Alama ya juu ya FIFA, Quality Pro, ni kali zaidi: gramu 420 hadi 445, na upotevu wa upepo usiozidi asilimia 20 kwa siku tatu.

Mfanyabiashara hahitaji maabara. Achukue mizani ya duka, futi kamba na pampu yenye geji. Aupime mpira, aujaze upepo, auache siku tatu, kisha apime tena. Auzungushe sakafuni: ukiyumba, uzito wa ndani umeegemea upande mmoja. Auangushe kutoka mita mbili kwenye sakafu ngumu. Mpira wa daraja la juu hurudi sentimeta 135 hadi 155.

Sasa hesabu. Tuseme mpira wa Sh. 20,000 unadumu muhula mmoja, na wa Sh. 45,000 unadumu mihula mitatu. Kwa mihula hiyo mitatu, shule iliyonunua "rahisi" itatoa Sh. 60,000. Rahisi imekuwa ghali kwa Sh. 15,000, bado hatujahesabu nauli ya kushuka mjini. Muuzaji naye hupoteza: mpira mmoja unaorudishwa unaweza kula faida ya mipira kadhaa, na mwalimu mmoja aliyekasirika huwaambia wenzake.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo: usiagize katoni nzima kabla ya kupima sampuli mbili au tatu. Mtake msambazaji aandike aina ya blada kwenye ankara. Akisita kuandika, nawe sita kulipa.