Rafadha Yenye Vitundu

Siku moja pale dikoni Tumbe, kaskazini ya Pemba, nilimkuta mvuvi amepakata rafadha ya mashine yake kama mtoto mgonjwa. Ubawa mmoja umekatika palepale ulipochomewa. Nikautazama mkato: vitundu vitupu, mithili ya mkate wa kumimina. "Hii, bwana, ndiyo iliyotulaza baharini," akaniambia.

Vitundu vile ni maradhi ya metali iliyoyeyushwa, wala havimwandami fundi wa kijijini peke yake. Ziko mashine zinazochapa vipuri: unga wa metali hutandazwa, mwali wa leza ukauyeyusha, tabaka juu ya tabaka, mpaka kipuri kikatimia. Leza hiyo ni kali hata hugeuza metali kuwa mvuke na kutoboa kishimo ndani ya ujiuji wa moto. Kishimo kikipinda mfano wa ndoana, ncha yake hukatika ikabaki povu. Na kwa kuwa metali huganda upesi mno, povu halipati pa kutokea.

Mwaka 2025 watafiti wa University College London walieleza dawa yao katika jarida la Science: sumaku. Walipiga picha za eksirei, maelfu kwa maelfu kila sekunde, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, wakaona kishimo kinasimama wima na vitundu vinapungua hata kwa asilimia 80.

Mtaniuliza: sumaku haishiki alumini, itafanyaje kazi? Kweli, haishiki. Lakini metali ikiwa na moto mkali upande mmoja na nafuu upande wa pili, umeme hupita ndani yake. Na umeme ukipita penye sumaku husukumwa. Ndivyo feni ya nyumbani kwako inavyozunguka. Hapa kinachosukumwa ni ujiuji wenyewe, bila ya kuguswa na kitu. Ila sumaku sharti ielekezwe sawasawa na mwendo wa leza.

Yule mvuvi aliagiza rafadha nyingine Unguja, akakaa siku tisa bila kutoka. Nilipomsimulia habari hii aliniuliza jambo moja tu: mashine hiyo yala umeme? Nikamjibu, mwingi. Akautazama waya uliopita juu ya mnada wa samaki, ule umeme tunaoletewa kutoka Tanga chini ya bahari tangu 2010, akacheka, akarudi kwenye nyavu zake.