Mzee Hatibiwi kwa Bango

Ndugu wasikilizaji, hivi karibuni nilimsindikiza mzee mmoja, jirani yangu, kwenda kituo cha afya. Mzee huyu ana umri wa miaka 74. Ujanani alikuwa kibarua wa kupakua mizigo bandarini, akilipwa kwa siku, na kwa hiyo hana pensheni ya aina yoyote. Presha inamsumbua, na vidonge vyake vilikuwa vimekwisha.

Tulipofika tulikuta bango kubwa ukutani linalowataka watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Na kweli tulipishwa. Vijana walisimama, mganga akamwamkia, "Shikamoo mzee," akampima, akamwandikia dawa, wala hakumdai hata senti moja. Mpaka hapo sina lawama. Mambo yaliharibika dirishani pa dawa. Tuliambiwa dawa ile imekwisha, tukanunue kwenye duka la ng'ambo ya barabara.

Tulipotoka nje mzee akaniambia, "Mwanangu, nimetibiwa bure, lakini naondoka mikono mitupu."

Sikuwa na jibu. Nilinunua vidonge vya juma moja, tukarudi nyumbani. Hata hivyo maneno yale hayakunitoka kichwani, na ndiyo sababu leo napenda tujiulize: huduma ya mzee hulipiwa na nani, na fedha zake hupangwa wapi?

Tuanze na ahadi, maana ahadi si haba. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Wazee Duniani. Tanzania ilipitisha Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na mzee akatambuliwa kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikasema wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5, na wengi wao waliishi kwa jembe, uvuvi, biashara ndogo ndogo na vibarua, kazi ambazo hazina mafao ya uzeeni.

Lakini ahadi ni kitu kimoja na bajeti ni kitu kingine. Kituo cha afya hupata dawa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni mgao wa Serikali kupitia Bohari ya Dawa. Njia ya pili ni fedha wanazolipa wagonjwa, ama mkononi ama kupitia bima, ambazo kituo huzitumia kuongezea dawa. Mgonjwa anayelipa huacha fedha ya kununulia kopo jingine. Mgonjwa aliyesamehewa haachi kitu. Kama hakuna anayeifidia tofauti hiyo, basi kadiri kituo kinavyotibu wazee wengi, ndivyo rafu yake inavyokuwa tupu mapema. Yule muuguzi wa dirishani hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amepewa amri ya kusamehe bila kupewa fedha za kusamehea.

Je, fidia hiyo itoke wapi? Mojawapo ya mahali pa kutazama ni mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wa masoko, leseni na kodi ya huduma. Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulitazami. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato hayo kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe, ukarudi mwaka uliofuata. Wazee hawamo katika hesabu hiyo. Bibi mwenye nguvu za kusuka ukili anaweza kujiunga na kikundi cha akina mama akakopa. Lakini mzee wa miaka 80 haombi mkopo, anaomba kidonge, na kwa kidonge hicho sheria ile haikuweka asilimia yoyote.

Kwamba jambo hili linawezekana, wenzetu wa Zanzibar wametuonyesha. Mwezi Aprili mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kila mwezi, bila kuuliza kama mtu aliwahi kuajiriwa. Baadaye kiasi hicho kilipandishwa hadi 50,000. Fedha hizo hazitoki kwa wafadhili, ni za bajeti ya Serikali yenyewe. Wazee waliandikishwa katika shehia zao, idadi ikajulikana, hesabu ikapigwa, kifungu kikawekwa. Bila idadi hakuna hesabu, na bila hesabu hakuna kifungu.

Sasa turudi mtaani kwetu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Mahitaji huanzia kwenye mkutano wa wananchi wa mtaa, yakaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwa wataalamu na madiwani wa halmashauri, ndipo yafike Bungeni. Wataalamu nao wamepewa ukomo wa bajeti, na ombi lisilo na takwimu ndilo la kwanza kukatwa. Anayesimama mwezi Mei kulalamikia dawa za wazee amechelewa. Chungu kimekwisha epuliwa.

Tuseme mtaa una wazee 120, na baada ya kuwapitia nyumba kwa nyumba tumeona 40 hawana mwana wala mali ya kuwategemeza. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kadi ya kaya ya watu sita ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na zipo halmashauri zilizowahi kuwalipia wazee wao kadi hizo. Tukitumia kipimo hicho, wazee 40 ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka mzima. Diwani aliyeletewa majina 40 na hesabu hiyo ana kitu cha kutetea. Diwani aliyeambiwa tu "tuwakumbuke wazee wetu" ataitikia "naam", na mambo yataishia hapo.

Wala Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haituondolei kazi hii. Imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, lakini asiye na uwezo hana budi atambuliwe kwanza, na wanaomjua ni majirani zake. Tunayo mabaraza ya wazee katika mitaa na kata. Mengi huitwa siku ya sherehe, yakapewa viti vya mbele na soda. Yapewe daftari badala ya soda.

Najua wako watakaosema kwamba kwa mila zetu mzee hutunzwa na wanawe, na kwamba haya mambo ya bajeti ni ya kigeni. Mila hiyo ni njema na sitaki ife. Lakini hapa mjini yule mwana anapanga chumba kimoja na anatafuta riziki ya siku kwa siku. Na nyumba nyingi zina bibi anayelea wajukuu, wala si wajukuu wanaomlea bibi. Dawa ikipatikana kituoni, mwana hatakuwa ameacha kumtunza mzazi wake. Atakuwa amebakiwa na fedha ya kumnunulia uji.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mkutano ujao wa mtaa wako nakuomba uende, na uulize maswali matatu. Mtaa huu una wazee wangapi? Wangapi hawana uwezo? Na katika bajeti ijayo wametengewa shilingi ngapi? Mwenyekiti akishindwa kujibu la kwanza, usimgombeze. Chukua kalamu, anzeni kuhesabu pamoja.

Mimi nimeanza na jirani yangu. Vidonge nilivyomnunulia vinakwisha siku mbili hizi.

Kwa leo ni hayo. Tukutane juma lijalo.