Moyo Unapochoka

Funga ngumi yako. Moyo wako una ukubwa karibu na huo. Moyo ni msuli, kama msuli wa mkono. Lakini mkono hupumzika ukiweka jembe chini. Moyo haupumziki. Hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku.

Msuli wa moyo umejengwa kwa chembe ndogo sana. Macho hayazioni. Chembe hizo hujikunja zote pamoja, na damu ikasukumwa mwilini.

Ukijikata kidole, ngozi mpya huota. Chembe za moyo sivyo. Kwa mtu mzima, chembe mpya za mwaka mzima hazizidi moja hivi katika kila mia. Chembe nyingi zikifa, mahali pao hubaki kovu. Kovu halisukumi damu.

Nini huua chembe hizo? Pombe nyingi ya miaka mingi huziua. Mshipa wa moyo ukiziba, hufa nyingi kwa mara moja. Lakini adui mkubwa ni presha ya damu. Presha ikipanda, moyo husukuma kwa nguvu zaidi na msuli wake hunenepa. Usidhani unene huo ni afya! Chembe zilizonenepa hazipati damu ya kuzitosha. Hufa kidogo kidogo. Zinazobaki hubeba kazi ya zilizokufa. Watu kumi wakibeba mtumbwi, na watatu wakauachia, hao saba watafika wapi?

Mwishowe moyo hutanuka na kulegea. Damu hukwama nyuma yake. Maji hujaa mapafuni na miguuni. Mgonjwa hutweta akitembea kidogo. Usiku huketi ili apate pumzi. Miguu huvimba, ukiibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Mama aliyejifungua karibuni naye aweza kupatwa na hali hii. Asiambiwe ni uchovu wa uzazi tu.

Wengine husema mgonjwa amerogwa. Miezi hupita akitafutiwa mchawi, na chembe zinazidi kufa.

Hospitali ina dawa za kutoa maji na za kupunguza mzigo wa moyo. Hazifufui chembe zilizokufa. Hulinda zilizobaki. Kwa hiyo miguu ikikauka, dawa haziachwi bila shauri la mganga wa hospitali. Wengi huziacha, na baada ya muda miguu huvimba tena.