Hela ya Kupendezesha Mtaa Inatoka Wapi?

Wajukuu zangu! Sogeeni huku kwenye moto. Leo sina sungura wala fisi. Nina jengo moja na mtaro mmoja.

Jengo liko Iringa mjini, linaitwa Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali, baadaye likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi. Kisha Chuo Kikuu cha Iringa kikaanzisha mradi wa urithi ulioitwa Fahari Yetu, kikapata fedha za Umoja wa Ulaya. Boma likakarabatiwa, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Mtoto wa Kihesa au Mlandege akiingia mle siku hizi anakutana na habari za kwao.

Najua mtakachosema. "Babu, hicho ni chuo, kina wasomi wa kuandika maombi. Sisi wa Mwanjelwa, Mbeya, tutamwandikia nani?"

Haya, tuseme mtaa wenu una mtaro uliojaa chupa za plastiki, na kando yake kiwanja kitupu. Mnataka mtaro uzibuliwe, miti ipandwe, wazee wapate benchi. Msianze na barua kwa mfadhili. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, aitishe mkutano wa wakazi. Wakikubaliana, mtendaji anaandika muhtasari, waliohudhuria wanatia saini, mhuri unagongwa. Karatasi hiyo ndiyo inayopanda hadi kamati ya maendeleo ya kata, inayoongozwa na diwani, kisha halmashauri. Bila muhtasari, ombi lenu ni la watu watatu wenye kalamu.

Na kiwanja kiulizieni mapema ni cha nani! Mwenyewe akitokea na hati, miche yote inang'olewa.

Fedha zenyewe sasa. Upo Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge, na fedha zake ni za miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe. Ipo pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kukopesha vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ile haina riba, ila ni mkopo, na benchi la wazee halirejeshi mkopo. Vijana wenye kitalu cha kuuza miche, hao waiombe.

Sasa makadirio. Watu huandika saruji, rangi na miche, wakasahau jasho lao. Wakazi wakichimba mtaro Jumamosi nzima, pigeni hesabu kwa bei ya kibarua, muiandike kama mchango wa wananchi. Anayetoa fedha hupenda kuona mmekwisha kutia mkono.

Tena atawauliza jambo ambalo wengi hawakulifikiria: mwezi wa nane nani atamwagilia? Mbeya mvua hukatika Mei, na kurudi kwake ni hadi Novemba hivi. Kwa hiyo pandeni mvua zinapoanza, miche itoke kwenye viriba ikiwa na miezi ya kushika mizizi, na zamu za kumwagilia kiangazi ziandikwe nyumba kwa nyumba. Mbuzi wa jirani nao wamo kwenye hesabu: wekeni bei ya fito za kuzungushia kila mche.