Shamba la Miti na Kiingereza Chake: Tatizo la Kisawe Kimoja



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea tafsiri ya hati ya mirathi kutoka pwani. Matini chanzi ilisema kwamba marehemu ameacha “shamba la minazi arobaini”. Mwanafunzi aliandika “plantation”. Kamusi ilimuunga mkono, kwani tangu zamani kamusi za Kiswahili na Kiingereza zimelitaja neno hilo miongoni mwa visawe vya “shamba”. Hata hivyo, tufanye hesabu. Minazi 40 iliyopandwa kwa nafasi ya mita 9 kila upande haijazi hata eka moja. Msomaji wa Kiingereza asiyeujua mti wala mahali angedhani kwamba warithi wale ni matajiri wanaogombea milki kubwa.

Kosa hili halikutokana na uvivu. Limetokana na tofauti ya namna lugha hizi mbili zinavyougawa uga mmoja wa maana. Kiswahili hutumia nomino moja pana, kisha hutaja mmea kwa kiunganishi cha “a-unganifu”: shamba la mikarafuu, shamba la mikorosho, shamba la misunobari. Kiingereza hulazimisha uteuzi mwanzoni kabisa, kabla mti haujatajwa.

Neno “orchard” huhusu miti ya matunda au ya kokwa, kama vile mitufaha, miembe au mikorosho. “Grove” ni kundi la miti lisilo kubwa, ambalo chini yake hakuna vichaka vingi. Kwa mazoea ya wasemaji huambatana na minazi, mizeituni na michungwa. “Plantation” ni eneo kubwa la zao moja la biashara, au la miti ya mbao. “Wood” na “forest” huashiria kwanza miti iliyojiotea, ingawa neno la pili linaweza kuhusu pia miti iliyopandwa.

Maana ya kamusi peke yake haitoshi; maneno hubeba historia. Katika karne ya 17 “plantation” lilitumika pia kwa makazi ya walowezi, kama yale ya Ulster yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 1609. Baadaye, huko Marekani na visiwa vya Karibi, lilifungamana na utumwa. Basi mfasiri anayeeleza mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19 hana sababu ya kulikwepa: yalikuwa makubwa, ya zao la biashara, na yalitegemea kazi ya watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kulitumia neno hilohilo kwa minazi ya mjane ni kumvika joho lisilo lake.

Upo pia upande wa sheria na takwimu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huhesabu kuwa msitu ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayoweza kufikia urefu wa mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya eneo. Lakini mashamba ya matunda, mizeituni na michikichi hayamo, kwa kuwa ni kilimo. Kwa hiyo Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, ni msitu kwa kipimo hicho, ilhali shamba la michungwa la Muheza silo. Kiswahili chayaita yote mawili mashamba. Mfasiri akiandika “forest” mahali pa michungwa, amemhamisha mkulima kutoka idara moja ya serikali hadi nyingine bila yeye kujua.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili ni maskini. Tunalo “konde”, ambalo huko Visiwani hutumika kwa ardhi ya mazao ya chakula. Tunalo pia “kiunga”, yaani shamba la miti ya matunda pembezoni mwa mji, ambalo lakaribiana sana na “orchard”. Umaskini ni wa mfasiri anayekimbilia kisawe cha kwanza.

Nawashauri basi wanafunzi wajiulize maswali manne: Je, miti imepandwa au imejiotea? Huvunwa nini, tunda au ubao? Eneo ni kubwa kiasi gani, na ni la nani? Na wasemaji wenyewe wa Kiingereza wamezoea kuutaja mti huo pamoja na neno gani? Majibu yasipopatana, “farm” au hata “shamba” lenyewe, ambalo limekwisha kuingia katika Kiingereza cha Afrika Mashariki, litafaa kuliko neno la fahari lisilo la kweli.

Ile hati ya mirathi tuliirekebisha. Tuliandika “a grove of forty coconut palms”, na idadi ya minazi ikabaki pale pale ilipowekwa na marehemu.